NDOO UKINGONI NI HATARI

Muhula uliopita ndoo ya maji ilianguka kutoka ghorofa ya tatu ya bweni letu, ikapasuka hatua chache tu kutoka kwa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Tukacheka. Ati ni maji tu! Leo naona haya, maana ndoo ile ilikuwa yangu.

Baadaye nilichukua kalamu nikapiga hesabu ya Fizikia. Ndoo pamoja na maji ilikuwa kilo 10. Dunia huvuta kila kilo kwa nyutoni 10 hivi. Zidisha hizo mbili, kisha uzidishe kwa kimo, nawe utapata nishati iliyojificha ndani ya ndoo. Ikiwa mita 3 juu ya ardhi, ni jouli 300. Mita 6, jouli 600. Mita 9, kule kwetu juu, jouli 900. Ndoo ni ile ile, maji ni yale yale, kilichozidi ni kimo. Jouli 900 ni sawa na gunia la mahindi la kilo 90 likikuangukia kutoka mita 1. Nani angecheka hapo?

Na nishati hiyo niliipandisha mimi mwenyewe, ngazi baada ya ngazi, kwa jasho langu.

Kwa maoni yangu, ndoo zote ziondolewe ukingoni, ziwekwe sakafuni. Tusingoje viranja watupigie kelele. Wahenga walinena, tahadhari kabla ya hatari. Shime, wenzangu!