Hamira, Mrututu na Swali la Mwanafunzi

Muhula uliopita nilipanda mlima wa Sagalla, kusini ya mji wa Voi, kumzuru mwalimu mwenzangu anayefundisha biolojia. Shule yake haina maabara ya kujivunia. Hata hivyo, nilimkuta amepanga dirishani chupa tatu za soda zenye maji ya uvuguvugu, sukari na hamira, kila moja imevishwa puto mdomoni. Katika chupa ya pili alikuwa ametia chembe ndogo ya mrututu. Katika ya tatu, kijiko kizima. (Mrututu ni sumu, na wanafunzi walinawa mikono kama ilivyopasa.) Puto la tatu halikufura kamwe. Wakulima huijua vyema dawa ya shaba wanayoipulizia kahawa na nyanya ili kuua kuvu, na hamira nayo ni kuvu. Hapo hapakuwa na la ajabu.

Swali lilitoka kwa msichana aliyeketi nyuma. Ikiwa shaba huua, mbona kitabu kinaihesabu miongoni mwa madini ambayo mwili hauwezi kukosa? Mwenzangu akanitazama mimi.

Nilimjibu kwamba seli ya hamira inaihitaji shaba ili ipumue, na hata ili ijipatie chuma, kwa kuwa protini inayosaidia kuingiza chuma haifanyi kazi bila shaba. Ikizidi, huharibu kile kile ilichokuwa ikikijenga. Kwa hiyo seli ina mlango, protini iitwayo Ctr1, iliyotambuliwa mwaka 1994. Shaba ikiadimika, protini nyingine, Mac1, huziamsha jeni za kutengeneza milango zaidi. Shaba ikifurika, Mac1 hunyamaza, na milango iliyopo huondolewa na kuvunjwavunjwa. Wakati huo huo Ace1 huamsha jeni ya protini inayoikamata shaba iliyokwisha kuingia na kuifunga isidhuru. Ulinzi huo ni mkali mno: mwaka 1999 watafiti walikadiria kwamba ndani ya seli nzima haipatikani hata ayoni moja ya shaba iliyo huru.

Wala jambo hili si la mkate na pombe tu. Mwaka 1997 jeni ya mlango wa shaba wa binadamu ilipatikana kwa kupandikiza jeni zetu katika hamira iliyonyimwa mlango wake, kisha kuangalia ni ipi iliyoiponya. Wako watoto wanaozaliwa na kasoro za kusafirisha shaba mwilini, nao hudhoofika ubongo au ini. Maarifa ya maradhi yao yamefaidika sana na hamira.

Nilieleza haya yote kwa Kiswahili. Darasa lililokuwa bubu nilipoanza kwa Kiingereza liliniuliza maswali hadi kengele ikalia. Sisemi mitihani ibadilishwe kesho. Nasema kwamba Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa Dar es Salaam mwaka 1990, na sijaiona katika ofisi ya walimu hata moja niliyoingia. Tena nasema kwamba mwanafunzi aulizapo jambo kama hili, kumjibu kuwa "halimo katika mtihani" ni kumfukuza somoni. Pakiti ya hamira hupatikana katika duka lolote la Voi.

Nilipoaga, puto la pili lilikuwa limeanza kufura, kwa kuchelewa. Yule msichana alikuwa bado amesimama dirishani, akiandika saa.