Moshi wa Jikoni na Kifua cha Mfanyakazi

Mwezi wa Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati hiyo. Wengi wameusifu kwa ajili ya misitu, na ni haki. Lakini mkakati huu unahusu pia vifua vya watu.

Moshi haumdhuru mwenye pumu kwa nguvu zake peke yake. Huziwasha njia za pumzi zikavimba, na utando wake wa ndani ukadhoofika. Hapo vumbi la godoro, uchafu wa mende na ukungu wa ukutani hupata mlango wa kumwingia kwa ukali zaidi. Mwaka 1994 madaktari wa Birmingham, Uingereza, walitangaza majaribio yaliyofanywa kwa watu 10 wenye pumu na mzio wa vumbi la nyumbani. Walipovuta hewa ya naitrojeni dioksidi kwa saa moja, kisha wakavutishwa kinachowadhuru katika vumbi hilo, vifua vyao vilibana kuliko walipotangulia kuvuta hewa safi. Nayo naitrojeni dioksidi hutoka hata katika moto wa gesi.

Kwa hiyo mtungi wa gesi, ingawa ni bora kuliko mkaa, hautoshi pasipo dirisha. Familia ngapi za wafanyakazi hupika, hulala na kuchoma dawa ya mbu katika chumba kimoja cha kupanga? Mwenye nyumba anayepokea kodi hana budi kuacha nafasi ya hewa kupita.

Liko pia suala la fedha. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa senti za siku ile. Mtungi hudai fedha nyingi kwa mara moja. Mita za kulipia gesi kidogo kidogo zimekwisha kutumika nchini. Yafaa zienee hadi mitaa ya wanyonge.

Ndugu wanachama, maradhi ni mmoja wa maadui watatu tuliotangaza kupigana nao. Kila balozi wa shina na azitazame nyumba zake: wapi moshi hauna pa kutokea, na nani anakohoa humo. Mgonjwa asiache dawa zake. Lakini dawa na moshi visiachwe kushindana katika chumba kimoja.