Ni heri pampu kuliko kulala chini ya gari

Pita katika mtaa wowote wa makazi siku ya Jumamosi asubuhi, uwe wa Nairobi, Nakuru au Mombasa, na hutakosa kuona miguu miwili ya mtu imechomoza chini ya gari. Mwenyewe amelala juu ya katoni, gari limeinuliwa kwa jeki, na pengine jiwe moja limewekwa nyuma ya gurudumu eti kuwa kinga. Anabadilisha oili. Anajihesabu mwerevu kwa kuwa ameokoa ujira wa makanika. Ujira huo ni kweli ameuokoa, lakini mwili wake je?

Sina ugomvi na mtu anayejifanyia kazi yake mwenyewe, hasa nyakati hizi ambapo kila shilingi ina mwenyewe hata kabla haijafika mfukoni. Ugomvi wangu ni na namna kazi yenyewe inavyofanywa. Siku hizi kuna pampu ya kufyonza oili ambayo huuzwa katika maduka ya vifaa vya magari. Ni mtungi wenye mpini wa kuvutia hewa na mpira mwembamba mrefu. Unachomoa kile kijiti cha kupimia oili, unapenyeza mpira katika tundu lake hadi uguse chini kabisa ya injini, kisha unapiga pampu mara kadhaa. Hewa ikishatolewa ndani ya mtungi, oili hupanda yenyewe hadi iishe. Wewe umesimama wima, suruali yako safi, na gari halijainuliwa hata inchi moja.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia katika kurasa hizi za afya. Jeki inayokuja na gari ilitengenezwa kwa ajili ya kubadilishia gurudumu lenye pancha, wala si kwa mtu kulala chini yake. Gari dogo la kawaida lina uzito wa kilo 1,000 na zaidi. Likiteleza na kumwangukia mtu kifuani, si lazima limvunje mifupa ndipo afe. Inatosha limbane asiweze kutanua kifua kuvuta pumzi, na dakika chache tu zatosha. Ukilazimika kuingia chini ya gari, basi weka stendi za chuma madhubuti, penye sakafu ngumu na tambarare, na usiwe peke yako nyumbani.

Hata hivyo, hatari ya jeki kila mtu anaiona. Ile isiyoonekana ni oili yenyewe. Oili mpya ikikaa ndani ya injini, joto na moshi wa mafuta yanayoungua huibadilisha. Hukusanya masizi, chembechembe za vyuma, na kemikali za jamii ile ile inayopatikana katika lami na masizi ya bomba la moshi. Kemikali hizo kadhaa husababisha saratani. Watafiti waliwapaka panya oili chafu ya injini ngozini kwa muda mrefu na uvimbe wa saratani ukatokea. Na kwa binadamu habari hii si ngeni. Mnamo 1775, daktari Percivall Pott wa London aliandika kuhusu saratani ya pumbu miongoni mwa watu waliosafisha mabomba ya moshi. Mnamo 1922, madaktari wa Manchester wakaeleza ugonjwa huo huo kwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba, ambao mashine zao ziliwarushia mafuta kwenye nguo mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka.

Sasa mtazame makanika wetu wa jua kali. Tambara lake lenye oili hulitia wapi akimaliza kupangusa spana? Katika mfuko wa suruali! Oili hupenya kitambaa, ikakaa pale pale penye ngozi laini, kuanzia asubuhi hadi jioni. Simtishi mtu. Anayebadilisha oili ya gari lake mara tatu au nne kwa mwaka hatapata saratani kwa sababu ya tone lililomwangukia kidoleni. Lakini kijana aliyeanza uanagenzi akiwa na miaka 17, na ambaye atashika oili kila siku hadi azeeke, ana haki ya kuambiwa. Na kabla ya saratani, kuna mambo madogo yanayomsumbua hivi sasa: ngozi kukauka na kupasuka, miwasho isiyoisha, na vipele vyeusi mikononi na mapajani ambavyo wengi huvichukulia kuwa uchafu tu.

Mbaya zaidi ni namna wanavyonawa. Petroli au mafuta ya taa hutoa weusi haraka, ni kweli, lakini huyeyusha pia mafuta ya asili yanayoilinda ngozi, kisha sumu hupata njia rahisi. Yafaa kusugua mikono kwa mafuta kidogo ya kupikia, kupangusa, ndipo uoshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Vaa glavu za naitrili. Zile za mpira mwembamba huharibika upesi zikipatwa na oili. Nao wenye gereji wasijifanye hawajui: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na glavu si anasa.

Makanika atakwambia kwamba pampu huacha matope chini ya injini. Hapo hasemi uongo kabisa, kwa sababu katika magari mengine mpira haufiki chini. Dawa yake ni kupasha injini moto kwa dakika chache ili oili iwe nyepesi, kuizima, halafu kupima kiasi kilichotoka na kulinganisha na kitabu cha gari. Kitabu kikisema lita 4 nawe umepata 3, basi gari hilo si la pampu. Tena usisahau filta. Katika magari mengi ya Kijapani tunayoendesha hapa, filta iko chini au imejificha nyuma ya injini, kwa hiyo huenda ukahitaji kwenda gereji yenye shimo hata hivyo. Injini hiyo nayo ipashe moto nje, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, maana moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, nayo huua.

Asiye na pampu asije akageuza mdomo wake kuwa pampu. Tumeona watu wakifyonza petroli kwa mpira na kucheka wanapotema. Tone likiteremka mapafuni huleta nimonia mbaya sana. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe maziwa ili atapike, kwa sababu kutapika ndiko kunakopeleka mafuta mapafuni. Apelekwe hospitalini mara moja.

Limebaki suala la ile oili iliyotoka. Kumwaga kwenye mtaro ni kuwanywesha majirani walio chini ya mto. Kuna pia wanaoipaka vidonda vya ng'ombe, na wengine vidonda vya watoto wao, wakidai hufukuza nzi. Huku ni kutia masizi na sumu ndani ya jeraha bichi, na sioni adabu ya kulisema kwa upole. Irudishe ndani ya mtungi ule ule ulionunua na oili mpya, uandike juu yake kwa kalamu nzito, uufunge na kuuweka mbali na watoto. Usitumie chupa ya soda wala mtungi wa mafuta ya kupikia. Kisha uulize katika kituo chako cha petroli au gereji kubwa iliyo karibu kama hupokea oili chafu kwa ajili ya wakusanyaji wenye leseni ya NEMA. Wakikataa, uliza kituo cha pili.