Mama wa Njiti Asiachwe Peke Yake

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 pekee walizaliwa watoto milioni 13.4 kabla ya kutimiza wiki 37 tumboni. Hao ndio tunaowaita njiti. Madhara ya kuzaliwa kabla ya wakati ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano duniani, na msiba huo unaziangukia zaidi nchi za Afrika na Asia ya Kusini. Leo nataka tuzungumze juu ya chakula chao, kwa sababu naona tunakisifu kwa maneno na kukipuuza kwa vitendo.

Chakula hicho ni maziwa ya mama. Kliniki tunaambiwa, redioni tunaambiwa, na kila wiki ya kwanza ya Agosti tunaadhimisha unyonyeshaji kwa fulana na hotuba. Kila mara tunasikia kwamba maziwa ya mama ni bora na ni bure. Kwamba ni bora sina la kubisha. Kwamba ni bure, hapo nakataa, maana kwa kuyaita bure tumejiondolea wajibu wa kumtunza yule anayeyatoa.

Tutazame kwanza huo ubora, kwa kuwa wapo wanaodhani ni maneno ya kuwafariji maskini wasioweza kununua maziwa ya kopo. Utumbo wa mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 haujakomaa. Upo ugonjwa ambao wauguzi wa wodi za njiti wanauogopa kuliko mengi: tumbo linavimba, mtoto anatapika nyongo, choo kinatoka na damu, na sehemu ya utumbo inakufa ingali ndani ya mwili. Wapo wanaofikia kupasuliwa wakapona, na wapo wasiofika huko. Mwaka 1990 wataalamu wa Uingereza, Alan Lucas na T. J. Cole, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa njiti 926. Waliolishwa maziwa ya kopo peke yake walipatwa na ugonjwa huo mara 6 hadi 10 zaidi ya waliolishwa maziwa ya binadamu peke yake. Msomaji, narudia: mara 6 hadi 10. Ingekuwa ni dawa ya maji iliyoleta tofauti hiyo, ingefungiwa kabatini na kutolewa kwa saini.

Sababu zake zinajulikana. Maziwa ya kwanza, dang'a, yamejaa kingamwili zinazotanda kwenye kuta za utumbo na kuwazuia vijidudu wasipenye kuingia kwenye damu. Tena maziwa ya mama aliyejifungua mapema hayafanani kabisa na ya aliyetimiza miezi tisa: katika wiki za mwanzo yana protini zaidi, ndiyo anayoihitaji mtoto mwenye safari ndefu ya kukua. Watoto wadogo mno huhitaji kuongezewa virutubisho na madini juu yake, na hilo ni la daktari kuamua, lakini msingi unabaki kuwa maziwa hayo. Kwa hiyo akina bibi ninaowaheshimu, wale ambao bado wanaagiza dang'a ikamuliwe chini kwa kuwa ni ya njano na inaonekana chafu, nawaomba kwa unyenyekevu waache. Kinachomwagwa pale ndiyo chanjo ya kwanza ya mjukuu.

Sasa fedha. Chicago nchini Marekani, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Rush, watafiti waliwafuatilia njiti wenye uzito mdogo sana wakapima ni maziwa ya mama kiasi gani kila mmoja alipata katika siku 28 za kwanza. Kwa kila nyongeza ya mililita 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, uwezekano wa kupata maambukizi ya damu ulipungua kwa asilimia 19, na waliopata maziwa hayo kidogo kabisa ndio waliokuwa na gharama kubwa zaidi ya matibabu. Kwetu hesabu hiyo tunaijua kwa majina mengine: antibayotiki za sindano, oksijeni, damu ya kuongezewa, siku za kulazwa. Kila siku moja njiti anayobaki wodini kwa ugonjwa uliozuilika, kuna mtoto mwingine anayekosa nafasi.

Na huyo aliyezoeshwa kopo akiruhusiwa kwenda nyumbani, gharama ndiyo kwanza inaanza. Mtoto anayekula mililita 700 kwa siku humaliza kopo la gramu 400 kwa siku nne hivi. Hayo ni makopo saba kwa mwezi, bado mkaa wa kuchemshia maji na bado sabuni. Familia ikizidiwa hufanya nini? Huongeza maji na kupunguza unga. Mtoto anashiba maji, anakonda machoni pa watu, na hakuna anayethubutu kusema sababu.

Kwa nini basi nakataa neno bure? Ingia wodi ya njiti yoyote uone. Mtoto wa gramu 1,200 hajui kunyonya. Kuvuta, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kukaa sawa kwenye wiki ya 34 hivi. Mpaka hapo analishwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni. Mama anakaa kwenye stuli, ameshika bomba la sindano lisilo na sindano, maziwa yanateremka taratibu kwa uzito wake yenyewe. Haruhusiwi kusukuma. Akimaliza anaosha mikono, anakanda ziwa, anaweka kidole gumba juu na vidole vingine chini ya duara jeusi, anabana na kuachia, anabana na kuachia, kikombe kikiwa mapajani. Siku ya kwanza yanatoka matone matatu, manne. Baada ya saa mbili au tatu anaanza tena, na saa tisa za usiku anaamshwa kwa kazi ileile, mara nane au zaidi kwa siku, kwa majuma. Wengine wanafanya hivyo wakiwa na mshono wa upasuaji ambao haujafunga.

Mama huyo akiona matone yale hulia kwamba hana maziwa. Muuguzi mwenye muda angemwambia kwamba kijiko kimoja cha chai kwa mlo kinaweza kumtosha mtoto wa uzito ule katika siku ya kwanza, na kwamba maziwa huongezeka kadiri yanavyokamuliwa. Lakini muuguzi ana watoto ishirini. Chakula cha mama kinaletwa na nani? Ndugu walioko mbali hawaji kila siku. Kitanda chake kiko wapi? Hospitali nyingi zikishamruhusu yeye huhesabu kwamba hayumo tena. Mtoto ndiye mgonjwa, mama ni mgeni. Analala kwenye benchi au mkekani, au anapanda daladala kila alfajiri. Mwili wenye njaa, usingizi na hofu unatoa maziwa kwa shida, kisha tunamwandikia kopo na kusema hakuwa na maziwa. Hilo ndilo linaloniudhi.

Tena ushahidi wa nini kifanyike umetoka hapa kwetu. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na yetu ilikuwa Muhimbili. Watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 waliwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi kwa njia ya kangaruu, mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie. Vifo vilipungua kwa asilimia 25 wakilinganishwa na waliongojewa kwanza. Utafiti ulisitishwa kabla ya wakati kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Ili hayo yawezekane, wodi zilipangwa upya mama na mtoto walazwe pamoja, kitanda cha mama kikiwa ndani ya wodi ya watoto mahututi. Mtoto aliye kifuani hulishwa mapema, na ziwa lililo karibu na mtoto hutoa maziwa.

Serikali imepiga hatua moja ambayo lazima tuishukuru. Kwa muda mrefu mama aliyeajiriwa alipewa siku 84 za likizo ya uzazi, hata kama miezi miwili ya mwanzo aliimalizia wodini. Baada ya kilio kirefu, ambacho Taasisi ya Doris Mollel ilikipaza kwa miaka mingi, sheria za kazi zilirekebishwa mwaka 2025, na muda wa kutoka kuzaliwa kwa njiti hadi kutimia wiki 40 sasa unaongezwa kwenye likizo. Waajiri waitekeleze bila kununa. Lakini muuza mboga hana mwajiri, mama ntilie hana mwajiri, na mkulima wa Sikonge hana mwajiri. Hao ndio wengi. Kwao naiona njia moja ya karibu: vikoba. Mifuko yetu ya jamii hutoa kwa misiba; itoe pia kwa mwanachama aliyelazwa na njiti, nauli na chakula cha mwezi mmoja.

Akina baba, nanyi msijitoe. Kifua cha baba nacho kina joto. Mama akienda kula au kuoga, mtoto alale kwako. Na usiku ule wa kukamua, atakayemletea mama uji wa moto awe wewe, si mama mkwe aliyesafiri kutoka Lushoto.

Yapo pia maziwa ya mama mwingine, pale mzazi ni mahututi au amefariki. Wakenya walianzisha benki ya maziwa katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Wanaochangia hupimwa, na maziwa hupashwa moto wa nyuzi 62.5 kwa nusu saa, joto linaloua virusi vya UKIMWI na kuacha sehemu kubwa ya kinga. Hospitali zetu kubwa ziende zikajifunze. Najua Waislamu wenzetu wana swali la haki: walionyonya kwa mwanamke mmoja huwa ndugu na hawaoani, na kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani yote, manyonyesho matano yanatosha. Jibu lisiwe kuwapuuza. Maziwa ya kila mchangiaji yasichanganywe na ya mwingine, daftari liwekwe, na familia mbili zijuane. Masheikh waitwe mezani kabla jokofu halijanunuliwa.

Madiwani, bajeti za hospitali zinapita mikononi mwenu. Zikija, ulizeni wodi ya njiti ina vitanda vingapi vya akina mama, chumba cha kukamulia kina maji na jokofu, na milo ya mama hao imewekwa kifungu gani. Kifungu hicho kikikosekana, rudisheni makabrasha kwa mganga mkuu mpaka kiwemo.