AJALI INA KINGA
Juu ya uhasama kati ya wenye magari na wenye baiskeli katika barabara zetu





Upo msemo uliozoeleka mno katika misiba yetu: ajali haina kinga. Husemwa baba wa watoto watano anapogongwa na basi akitoka kuuza mkaa, na husemwa binti anapopondwa na lori akielekea shuleni kwa baiskeli. Ndugu wa marehemu wakiusema kwa kujifariji, hatuna ugomvi nao, maana mfiwa ana haki ya kutafuta neno la kumtuliza moyo. Lakini msemo huo huo husemwa na dereva aliyeua, na tajiri mwenye basi aliyemwekea dereva huyo muda wa kufika usiowezekana, na askari anayefunga jalada, na mhandisi aliyechora barabara bila kuwakumbuka wenye baiskeli. Vinywani mwao umekuwa kichaka cha kujifichia dhambi.

Sisi tunaukataa. Vifo vingi vya barabarani vina kinga. Kinga hiyo inajulikana. Na anayepaswa kuitoa wa kwanza ni yule mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kuua. Hilo ndilo tunalotaka kulitetea katika kijitabu hiki.

1. HALI ILIVYO

Kila alfajiri, katika barabara kuu ziingiazo mijini, huonekana watu wakikanyaga baiskeli zilizosheheni: magunia ya mkaa yaliyokazwa kwa mipira, madumu ya maziwa, matenga ya nyanya, mikungu ya ndizi. Huko Shinyanga, Mwanza na Tabora baiskeli ndiyo gari la familia. Humpeleka mgonjwa zahanati, mtoto shuleni na mahindi mashineni. Watu hawa hawakuchagua baiskeli kwa kupenda mazoezi ya viungo. Wameichagua kwa kuwa nauli ya kila siku ingemeza faida yao yote.

Katika lami hiyo hiyo linakuja basi. Dereva anapiga honi akiwa hatua chache nyuma ya mwenye baiskeli, na honi hiyo ina maana moja tu: toka. Lakini wa kutoka hana pa kutokea. Ukingo wa lami umemeguka ukaacha ngazi. Akishuka ghafla na mzigo wake ataanguka, na akiangukia kulia ataangukia magurudumu ya nyuma ya basi. Utingo anachungulia dirishani na kumtukana. Mwenye baiskeli naye hulaani, na gari likisimama katika foleni atalipiga ngumi ubavuni apitapo. Hivyo ndivyo chuki inavyolimbikizwa siku kwa siku, kati ya watu ambao wangeketi jirani kanisani bila kunung'unikiana.

Kisha siku mtu anapogongwa, chuki ile hulipuka. Wananchi huzingira gari, hulichoma moto na kumpiga dereva. Kwa kuogopa kipigo hicho, dereva mwingine hukimbia na kumwacha majeruhi akivuja damu. Kwa namna hiyo ukatili wa barabarani huzaa ukatili wa kijijini, na ukatili wa kijijini humnyima majeruhi msaada wa mtu wa kwanza ambaye angeweza kumwokoa. Tunasema bila kuficha: kumpiga dereva hadi kufa ni mauaji, na anayewasha kiberiti hawezi kujiita mtetezi wa haki.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Vifo zaidi ya 9 katika kila 10 vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, nchi kama zetu. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna sababu ya kifo inayozidi barabara. Tukiita hesabu hiyo bahati mbaya, tunamsingizia Mungu kazi ya mikono yetu.

2. HOJA ZA WENYE MAGARI

Hoja ya kwanza husema kwamba wenye baiskeli hawana nidhamu. Wengine huendesha usiku bila taa, wengine hupita upande usio wao, wengine hufunga mzigo mpana kuliko barabara, na wengine hurudi kutoka kilabuni wakiyumba. Ni kweli, na hatutawatetea katika hayo. Lakini tupime uzito wa kosa na uwezo wa kudhuru. Mwenye baiskeli anapokosea, anayekufa ni yeye. Dereva wa basi la tani zaidi ya kumi anapokosea, anayekufa ni mwingine. Mizani ya haki haiwezi kuyaweka makosa hayo mawili sawasawa. Aliyepewa nguvu kubwa amepewa pia deni kubwa.

Hoja ya pili husema kwamba mwenye baiskeli hachangii barabara, kwa kuwa Mfuko wa Barabara hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na tozo ya mafuta. Hoja hii husemwa kwa kiburi hasa. Je, mikopo iliyojenga barabara kuu hulipwa na wenye magari peke yao? Hulipwa na kila anunuaye sukari na sabuni. Ardhi ilimopita barabara, nyingi ilikuwa mashamba ya nani? Tena lami huchakazwa na ekseli za malori yaliyozidisha mzigo. Baiskeli haijachimba shimo hata moja. Mwenye baiskeli anadai kidogo sana kutoka katika barabara aliyoilipia.

Hoja ya tatu ndiyo ya hatari kuliko zote: waondolewe. Mwezi Machi 2022 wakuu wa Burundi walipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji la Bujumbura, kwa hoja ya kupunguza ajali. Tunajua jinsi wachukuzi wa ndizi wa nchi ile wanavyojishikiza nyuma ya malori ili wavutwe milimani. Hatari ni ya kweli. Lakini dawa inayomwondoa maskini barabarani na kuuacha mwendo wa mwenye gari ulivyo, hiyo imemtibu nani? Asubuhi yake maskini yule bado anahitaji kula. Tusisahau kwamba jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, likiwa jina la baiskeli zilizovusha watu na mizigo. Biashara ndogo ya Afrika Mashariki imebebwa miaka mingi na kiti cha nyuma cha baiskeli, na leo anayeibeba anaambiwa kwamba anachafua barabara!

3. KANISA LINAFUNDISHA NINI

Wako waamini wanaodhani kwamba mwendo wa gari ni jambo la trafiki, wala halimhusu padre. Watusikilize vema. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 30, unazitaja waziwazi sheria za mwendo wa vyombo vya moto miongoni mwa kanuni za jamii zinazodharauliwa na watu wasiojali kwamba wanahatarisha uhai wao na wa wenzao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo mkali ana hatia nzito. Na mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia uchungaji wa wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi kwa ajili ya madereva. Ya kwanza inakataza kuua. Nyingine inamdai dereva amlinde aliye mnyonge zaidi barabarani.

Basi, hili ni jambo la kitubio. Anayepokea Komunyo asubuhi, kisha kabla ya adhuhuri akamsukumia mwenzake mtaroni kwa kuwahi abiria, aichunguze dhamiri yake. Na yule ambaye Misa inapokwisha huwapigia honi kwa hasira, langoni mwa kanisa, wale wale aliowapa mkono wa amani dakika chache zilizopita, ajiulize amani ile ilikuwa ya nani. Mfano wa Msamaria Mwema ulitokea barabarani, kati ya Yerusalemu na Yeriko. Wapo waliopita upande wa pili. Leo wanapita kwa kasi zaidi.

4. KINGA NI IPI

Kinga ya kwanza ni mwendo. Gari likienda kilometa 50 kwa saa hupita mita 14 hivi katika sekunde moja. Likienda kilometa 80 hupita mita 22. Likienda 100 hupita karibu 28. Dereva aliyeinamia simu kwa sekunde 2 katika mwendo huo wa mwisho ameendesha zaidi ya mita 50 akiwa kipofu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Sheria ya Tanzania imeweka kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na 80 kwa mabasi na magari makubwa. Kibao cha 50 mwanzoni mwa kijiji maana yake ni kwamba hapa wanaishi watu.

Kinga ya pili ni nafasi. Nchini Ufaransa sheria inamtaka dereva anayempita mwenye baiskeli amwachie walau mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji. Hapa kwetu dereva mwema hahitaji kungoja Bunge. Kama nafasi haipo, asubiri. Atachelewa kwa nusu dakika, na mtu atafika nyumbani.

Kinga ya tatu ni barabara yenyewe. Katika miaka ya 1990 mradi wa majaribio wa usafiri usio wa injini uliendeshwa Dar es Salaam, Morogoro, Nairobi na Eldoret; basi wataalamu wetu hawawezi kusema kwamba hawajasikia. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imejengewa pia njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Ni jambo la kusifiwa, na ni jambo la kulindwa, maana pikipiki na wafanyabiashara huzivamia njia hizo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilizishauri serikali mwaka 2016 zitenge asilimia 20 ya fedha za usafiri kwa ajili ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Waamini wanaoketi katika mabaraza ya madiwani waulize: kwetu imetengwa asilimia ngapi?

Kinga ya nne iko mikononi mwa mwenye baiskeli. Afunge taa na kiakisi mwanga, apite kushoto, atengeneze breki, apunguze upana wa mzigo, asipande akiwa amelewa. Uhai wake si mali ya kuchezea kwa kuwa ni maskini.

5. WAJIBU WA VIONGOZI WALEI

Mtu akigongwa, viongozi wa Jumuiya wawe wa kwanza kufika, nao wafanye mambo matatu. Wamwokoe majeruhi, wamlinde dereva na umati, afikishwe polisi salama, na waandike namba ya gari na majina ya mashahidi. Kisha waisaidie familia kupata fomu ya polisi, PF3, na kufuatilia madai ya bima. Kila gari linapaswa kisheria kuwa na bima kwa ajili ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu ni huyo mwenye baiskeli. Wajane wengi wamepewa fedha ya sanda na gunia la mchele, wakaambiwa kwamba mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Rambirambi haifuti haki.

Madereva walio waamini wetu, wa daladala, wa malori na wa magari ya taasisi za Kanisa, waitwe wakutane na wenye baiskeli wa parokia hiyo hiyo, kila upande ueleze unachokiona ukiwa barabarani. Dereva na mwenye baiskeli wakifahamiana kwa majina, honi itapungua ukali.

Kaini alipoulizwa alipo ndugu yake, alikana kwamba ni mlinzi wake. Kila ashikaye usukani huulizwa swali hilo hilo, kilometa baada ya kilometa. Tusilijibu kwa msemo wa misibani.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mwaka uliopita, nani wa Jumuiya yetu aligongwa barabarani? Familia yake ilipata haki gani?
2. Ni sehemu ipi ya barabara yetu inayoua mara kwa mara, na ni nani mwenye mamlaka ya kuirekebisha? Tumwandikie lini?
3. Walio na magari kati yetu: tunapompita mwenye baiskeli, tunamwachia nafasi kiasi gani?
4. Wenye baiskeli kati yetu: ni baiskeli ngapi zilizoegeshwa hapa leo zina taa na breki?
5. Tutafanya nini siku umati utakapokusanyika kumpiga dereva kijijini kwetu?