Muziki Usio na Kiingilio

Wako watu wasemao ya kwamba kitu kitolewacho bure hakina thamani, na wako wengine wasemao ya kwamba kazi ya askari ni bunduki, fidla haimhusu. Maneno hayo yote mawili twayaona kuwa na upungufu, nasi twataka kuyapima mbele ya wasomaji wetu kwa jambo lifanyikalo Washington, mji mkuu wa Marekani. Huko wako askari wa Jeshi la Anga ambao chombo chao cha kazi ni fidla. Huvaa sare, huketi mbele ya watu wa kila namna na kuwapigia muziki, wala mlangoni hapana mtu atozwaye hata senti moja.

Yamkini jambo hili litamshangaza msomaji kidogo. Sisi wa Afrika Mashariki tusikiapo habari za bendi ya askari, mara twafikiri matarumbeta na ngoma kubwa, maana bendi za namna hiyo ndizo zilizozaa ngoma ya beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti. Fidla twaijua katika taarabu, hatuijui katika gwaride. Lakini kundi hili la Jeshi la Anga lina fidla ziwekwazo begani, lina selo zishikwazo katikati ya magoti, na zile kubwa kupita zote ambazo mpigaji wake husimama nazo. Watu wake ni askari kweli: nafasi huipata kwa kushindana katika mtihani wa kupiga, kisha hufundishwa uaskari. Katika karamu za Serikali huweza kutembea kati ya meza huku wakipiga, bila karatasi ya muziki mbele yao, kwa kuwa yote wameyahifadhi moyoni.

Sasa twauliza: kwa nini watu hawa wasitoze kiingilio? Msomaji asidhani ya kwamba ni ukarimu wao. Sheria ya Marekani yakataza bendi za majeshi kupokea malipo kwa muziki wa kazi yao ya Serikali, tena yakataza zisishindane na wapiga muziki wa kiraia, ambao riziki yao hutoka katika kazi hiyo. Maana ya sheria hiyo si ngumu kufahamika. Mpiga fidla huyu hula mshahara wa umma. Fidla yake na sare yake zimenunuliwa kwa kodi. Basi mtu ajapo kumsikiliza huwa amekwisha lipa zamani, na kumtoza tena mlangoni kungekuwa kumlipisha mara mbili. Neno bure hapa si sadaka. Ni deni lirudishwalo kwa mwenyewe.

Ikiwa ni deni, basi halina budi kulipwa kwa fedha nzima, si kwa senti zilizotoboka. Hapo ndipo tuwasifupo askari hawa. Wapigaji hawa huitwa katika Ikulu ya Rais wa Marekani, wakapiga mbele ya wakuu wa nchi nyingine. Na hao hao hushuka wakawapigia watu wasio na cheo. Tarehe 3 Desemba 2013, katika jumba la makumbusho ya ndege huko Washington, ambalo nalo halina kiingilio, watu walikuwa wakitazama ndege zilizotundikwa juu. Mara mpiga selo mmoja akaanza peke yake. Wakatokea wenzake, mmoja mmoja na makundi makundi, hata wakafika wapigaji na waimbaji 120 wa bendi ya Jeshi la Anga. Watu wale hawakualikwa kwa barua wala hawakuvaa nguo za karamu. Hata hivyo walipewa muziki ule ule wapewao wafalme. Kwa hiyo methali isemayo rahisi ni ghali haikupata nafasi siku ile.

Lakini yafaa tukumbuke ya kwamba fedha si kizuizi cha pekee mlangoni. Katika mji huo huo wa Washington liko jumba kubwa la muziki liitwalo Constitution Hall, mali ya chama cha mabibi kiitwacho Daughters of the American Revolution. Mwaka 1939 mwimbaji mashuhuri Marian Anderson alinyimwa ruhusa ya kuimba humo, kwa sababu alikuwa mtu mweusi. Bibi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, akajitoa katika chama hicho; na siku ya Pasaka, tarehe 9 Aprili, Marian Anderson akaimba nje, katika ngazi za jumba la ukumbusho wa Abraham Lincoln, mbele ya watu wapatao 75,000, bila kiingilio. Majeshi yenyewe nayo yalikuwa yakiwatenga askari weusi, hata Rais Truman alipotoa amri ya tarehe 26 Julai 1948 ya kuukomesha ubaguzi huo. Baadaye, katika jumba lile lile la Constitution Hall, bendi ya Jeshi la Anga ikapiga muziki wa bure mara nyingi, kwa watu wa rangi zote. Basi haitoshi kuandika mlangoni ya kwamba hapana malipo. Sharti mlango wenyewe uwe wazi.

Wako watakaosema: muziki huu una gharama nyingi mno. Neno hilo lina haki yake, wala hatutalidharau. Mwaka 2016 magazeti ya Marekani yalieleza ya kwamba bendi zote za majeshi zilitumia dola milioni 437 katika mwaka 2015, na Baraza la Wawakilishi likapiga kura kutaka kupunguza kazi za bendi hizo katika karamu na dansi. Mwaka 2017 wakaguzi wa Serikali wakaandika ya kwamba majeshi hayakuwa na vipimo vya kutosha vya kuonyesha faida ya bendi zao. Sisi hatuwahesabu waulizao maswali hayo kuwa adui wa muziki. Alaye fedha ya umma hana budi kuulizwa ameifanyia nini. Ila kwa maoni yetu, kama ni lazima kupunguza, kupunguza kuanzie katika meza za wakubwa, na tafrija za watu wote ziwe za mwisho kuguswa. Wakubwa waweza kujikodia wapigaji wao. Mtu wa njiani hana fidla nyingine ila hii aliyoilipia kodi.

Ndugu wanachama, hatukuyaandika haya ili tuwasifu Wamarekani, wala hatudhani ya kwamba kila mmoja wetu atashika fidla. Twaandika kwa kuwa karani na mpiga fidla yule ni watumishi wa namna moja. Mtu ajaye dirishani petu kuomba cheti, naye amekwisha lipa. Kumwambia arudi kesho ili leo atupe kitu kidogo, huko ni kumtoza kiingilio katika jumba lake mwenyewe. Na kumwandikia mkubwa kwa hati safi, kisha mkulima tukamwandikia ovyo, huko ni kupiga muziki mzuri karamuni na mbovu uwanjani. Tena yuko mtu asiyeombwa hata senti, lakini husimama mlangoni toka asubuhi hata jua likazama, kwa sababu ya kanzu yake kuukuu au lafudhi ya kabila lake. Huyo naye amefungiwa.

Kazi yetu haipigiwi makofi, na huenda hapana atakayekumbuka majina yetu. Hata hivyo tuifanye kwa namna ambayo atokaye dirishani petu hataona haja ya kushukuru kana kwamba amepewa zawadi, bali ataondoka kama mtu aliyepokea haki yake, nzima, kwa wakati wake.