Fangasi wa tumbo, au kuna zaidi?

Mwezi huu mapenzi tunayapeleka tumboni.

Hapa Arusha nasikia watu wengi wakilalamika "fangasi wa tumbo". Gesi, fangasi. Kukosa choo, fangasi. Mtu anapima choo kikubwa, anaambiwa fangasi wameonekana, anarudi nyumbani na mfuko wa dawa.

Sikia msomaji wangu: kandida, fangasi anayetajwa sana, anaishi kwenye utumbo wa watu wengi wenye afya njema. Kuonekana kwenye choo peke yake si ugonjwa. Kinga ya mwili humweka mahali pake.

Shida huanza kinga ikishuka. Hapo huota mdomoni kama utando mweupe, kisha huteremka kwenye umio, njia ya chakula, na kumeza kunauma.

Juzi tulikaa Kwa Mrombo na rafiki yangu mmoja na mkewe. Nyama choma ikafika, jamaa akaishia kwenye supu, tena kwa shida. Shemeji akaninong'oneza kwamba mumewe kakonda, na dawa za fangasi kanunua mara tatu. Zikiisha, maumivu yanarudi. Nikamuuliza swali ambalo duka la dawa hawakuuliza: "Shem, mmepima?"

Kwa mwenye VVU, Shirika la Afya Duniani linaweka fangasi wa umio kwenye hatua ya 4, ya mwisho. Daktari akiona utando mdomoni na mgonjwa anaumia kumeza, kwa kawaida humwanzishia flukonazoli kwa siku 14 hadi 21. Asipopata nafuu, huangaliwa ndani kwa kamera. Lakini flukonazoli inapambana na fangasi tu, kinga hairudishi. Kinga hurudishwa na ARV, ambazo Tanzania ilianza kuzitoa bure mwaka 2004, na tangu 2016 mtu anaanzishiwa bila kusubiri CD4 zishuke.

Na si lazima iwe VVU. Kisukari, dawa za saratani, hata dawa ya pumu ya kuvuta, vyote vinaweza kumfungulia fangasi mlango. Ndiyo maana unapimwa, hubahatishi.

Wale wawili walikwenda pamoja. Majibu ni yao, hayahusu ukurasa huu.

Wewe je? Mpenzi wako akianza kuumia kumeza, usikimbilie kumnunulia vidonge. Mshike mkono, nendeni hospitali, mpime wote wawili. Hilo nalo ni penzi.

Tukutane mwezi ujao!